Kilomita 12 za Kuifikia Treni

Barabara ya Kilwa inaanzia Gerezani, Dar es Salaam, jirani na stesheni ya treni. Ukiifuata kuelekea kusini ukapita Mbagala, Mkuranga na Kibiti, ukavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, kisha ukakunja kushoto pale Nangurukuru, unaingia Kilwa Masoko baada ya kilomita kama 300. Kwa hiyo abiria wa basi, hata akishushwa Mbagala Rangi Tatu miguu imemvimba kwa kukaa, tayari yuko kwenye barabara inayokwenda kwenye treni. Aliyelipa mara kadhaa ya nauli hiyo akapanda ndege ndiye anayeshushwa Kipawa, kilomita 12 kutoka katikati ya jiji, na kuanza kuulizia njia.

Miaka michache iliyopita jambo hili lisingemsumbua mtu. Nani wa Kilwa angeruka kwa ndege hadi Dar es Salaam ili akapande treni? Mambo yalibadilika treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria wa Morogoro tarehe 14 Juni 2024, kisha ikafika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huohuo. Safari ya makao makuu ya nchi, iliyokuwa inakula siku nzima ndani ya basi, sasa inakwisha kwa saa nne hivi, na treni ya haraka inapunguza hapo. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa shilingi 31,000 hadi Dodoma na 13,000 hadi Morogoro. Watumishi wa halmashauri wanaoitwa wizarani, wazazi wanaopeleka watoto Chuo Kikuu cha Dodoma, wafanyabiashara wa ufuta, wagonjwa waliopewa rufaa Hospitali ya Benjamin Mkapa, wote wameanza kupiga hesabu mpya: asubuhi niko Masoko, jioni niko Dodoma.

Hesabu hiyo inawezekana. Inaharibikia katikati.

Tuanze na ndege yenyewe. Zinazotua Masoko ni ndege ndogo za aina ya Cessna Caravan, zenye injini moja na abiria wasiofika hata 15. Mzigo unaoruhusiwa kwa kawaida ni kilo 15, tena kwenye begi laini linalobonyea, kwa sababu tumbo la ndege hiyo halipokei sanduku gumu. Anayetaka kumpelekea shangazi yake Dodoma ndoo ya pweza mkavu na nazi kumi ajue mapema kwamba mzani utamwaibisha mbele ya watu. Ndege hizi pia zina tabia ya daladala: zinaweza kupitia Mafia au Songo Songo kumshusha mmoja na kumchukua mwingine, na saa ya kufika ikasogea. Wakati wa masika wingu likishuka juu ya bahari, rubani anasubiri, nawe unasubiri pamoja naye. Wa Lindi mjini yeye huanza na kilomita zaidi ya 100 za barabara kwenda kuifuata ndege kubwa Mtwara, kwa hiyo siku yake inaanza gizani.

Ukishafika Dar es Salaam, swali la kwanza ni umetokea mlango gani. Uwanja wa Julius Nyerere una majengo matatu ya abiria na hayako pamoja. Ndege ndogo za pwani hutumia Jengo la Kwanza, lile la zamani. Ndege ya Mtwara inakuleta Jengo la Pili, lililofunguliwa miaka ya 1980. Jamaa yako anayetoka Muscat anatokea Jengo la Tatu, lililozinduliwa Agosti 2019. Kwenye Jengo la Kwanza unashuka kwenye ngazi, unakabidhiwa begi lako karibu papo hapo, na kabla jasho halijakauka umeshafika kwa madereva wa teksi. Kwenye Jengo la Tatu kuna foleni ya uhamiaji, kuna mkanda wa mizigo unaozunguka na maboksi ya watu wengine, kuna forodha wanaotaka kujua ndani ya kapeti mna nini. Wawili waliotua dakika ileile wanaweza kupishana saa nzima na nusu kabla ya kuiona barabara. Anayempangia mgeni wa Uarabuni safari ya kuunganisha kwa kutumia saa ya kutua, badala ya saa ya kutoka nje, ameshaiharibu mwanzoni.

Kisha inakuja Barabara ya Nyerere. Kwenda stesheni unaelekea mjini: Vingunguti, daraja la juu la Mfugale pale Tazara, Chang'ombe, Kamata, halafu Gerezani. Usiku wa manane ni safari fupi kabisa. Asubuhi watu wakiingia kazini, au jioni mvua ikinyesha, kilomita hizo 12 zinaweza kukumalizia saa nzima na zaidi, huku dereva akikuhakikishia kwamba pale mbele pameachia. Bodaboda inapenya, ni kweli. Lakini mwenye begi mgongoni, begi kifuani na mtoto katikati asidanganywe na anayemwambia kwamba bodaboda haishindwi na kitu.

Wanaokwenda Ifakara au Mbeya wana bahati yao. Stesheni ya TAZARA iko kwenye barabara hiyohiyo, kabla hujafika mjini, jirani na daraja la Mfugale. Kwao uwanja wa ndege na treni ni majirani. Shida yao ni kwamba treni hiyo haiondoki kila siku, na mtu anaweza kukosea siku nzima badala ya saa.

Kwa treni ya umeme iko njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni kuupa mji kisogo. Reli inapotoka Dar es Salaam inaelekea upande uleule ulipo uwanja wa ndege, na stesheni yake inayofuata ni Pugu. Aliyetua Kipawa anaweza kugeuka kushoto kwake badala ya kulia, akapita Banana, Ukonga na Gongo la Mboto, akapandia Pugu. Asubuhi magari yanamiminika kuingia mjini, naye anatoka. Nauli ya treni kutoka mjini hadi Pugu ilipangwa shilingi 1,000 tu. Si fedha ya kumfanya mtu aende mjini na kurudi ilhali treni itampitia palepale alipo. Masharti ni mawili. Si kila treni inasimama Pugu, kwani za haraka zinapita moja kwa moja, kwa hiyo lazima uone kituo hicho kwenye tiketi yako kabla hujalipa. Na ukishaikosa Pugu huna stesheni kubwa ya kukaa ukapoza moyo. Una kijiwe cha bodaboda na muda mrefu wa kujilaumu. Mimi ningempeleka Pugu mtu mzima mwenye begi moja anayetua mchana. Bibi mwenye mizigo mitatu ningempeleka stesheni ya mjini, hata kama ni kwa kufunga safari saa nne kabla.

Jambo linalowaumiza watu kuliko foleni ni tiketi mbili zisizojuana. Ukinunua safari ya Masoko hadi Dar es Salaam kwa shirika moja, na ya Dar es Salaam hadi Dodoma kwa Shirika la Reli, umeingia mikataba miwili. Ndege ikichelewa, treni haina habari. Haikusubiri, na aliyekuchelewesha hana deni la kukulipia kiti kilichoondoka kitupu. Anayebadilisha ndege kwa tiketi moja hubebwa na shirika mpaka mwisho wa safari. Anayetoka kwenye ndege kwenda kwenye treni yuko peke yake. Kwa hiyo ratiba hupangwa kinyumenyume. Anza na saa ya kuwa Dodoma, chagua treni, ondoa muda wa ukaguzi maana mizigo inapita kwenye mashine kama uwanjani na kitambulisho kinatakiwa, ondoa muda wa barabara katika hali yake mbaya, ondoa muda wa kutoka ndani ya uwanja, halafu ndipo utafute ndege. Kwa maoni yangu, aliyetoka Masoko aache saa tatu kati ya kutua na treni kuondoka, na aliyetoka nje ya nchi asipungukiwe na tano. Zaidi ya hapo, kata ile treni ambayo nyuma yake ipo nyingine siku hiyohiyo. Ya mwisho ya usiku ikikuacha, unalala gesti.

Kuna mtego mwingine uko kwenye karatasi yenyewe. Tiketi huandikwa 07:00, na mtu aliyelelewa na saa ya kuanzia alfajiri anasoma saba, anajipanga kwa mchana. Treni imeondoka saa 1 asubuhi akiwa bado anachovya mkate kwenye chai. Mbaya zaidi ni saa za baada ya usiku wa manane. Kwetu usiku wa kuamkia Jumamosi ni ule wa Ijumaa jioni kwenda mbele. Tiketi inasema Jumamosi 00:30, na mwenyewe anafika Jumamosi usiku, msafi, amenyoa, kachelewa siku nzima. Anayemkatia mzazi tiketi kwa simu amwandikie ujumbe kwa maneno: Ijumaa usiku, saa sita na nusu.

Si sisi peke yetu. Nairobi walipofungua reli yao ya Mombasa mwaka 2017, stesheni kuu waliiweka Syokimau, upande wa uwanja wa ndege, nje ya katikati ya jiji. Anayetua Jomo Kenyatta yuko karibu nayo, na anayetoka mjini ndiye anayepanda treni ndogo kuifuata ile kubwa. Afrika Kusini waliunganisha reli ya Gautrain na uwanja wa O.R. Tambo mwezi Juni 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia. Dar es Salaam reli inapita upande wa uwanja bila kusimama getini. Ungekuwepo usafiri mmoja tu wa basi dogo kati ya majengo ya uwanja na Pugu, unaofuata saa za treni, nusu ya makala hii isingekuwa na kazi.

Watu wa Kilwa, kwa kweli, ni wakongwe wa kuunganisha safari. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331 kwa ratiba ya pepo: jahazi huja na kaskazi, huondoka na kusi. Karne ya 19 misafara kutoka pande za Ziwa Nyasa ilipangwa ifike Kilwa Kivinje vyombo vikiwa bado bandarini. Aliyekosa kusi hakusubiri treni ya jioni, alisubiri miezi.

Na kusini reli iliwahi kuwepo. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, walijenga reli kutoka ghuba ya Lindi, pale Mkwaya, kuelekea Nachingwea, baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Nachingwea ikapata na kiwanja cha ndege. Mradi ukafutwa Januari 1951 kwa hasara kubwa, karanga zikiwa hazijalipa hata mbegu, na reli ikajikokota hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilipofungwa na mataruma kung'olewa. Reli inayozungumzwa sasa, ya Mtwara hadi Mbamba Bay yenye matawi ya Mchuchuma na Liganga, ikijengwa itaelekea Ziwa Nyasa. Kilwa haimo njiani.

Kilichomo ni gesi. Tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Wilaya ya Kilwa, inapita bombani hadi Dar es Salaam kuendesha mitambo ya umeme inayolisha gridi ya taifa, na treni hula umeme kwenye gridi hiyohiyo. Gesi ya Kilwa hufika Dar es Salaam bila kupanga foleni Tazara.

Mtu anaweza kusema basi ni heri basi. Kwa bei, ndiyo, na kwa kufikishwa upande wa Gerezani, ndiyo. Lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika sehemu kadhaa ndani ya Wilaya ya Kilwa, magari yakalala njiani pande zote mbili. Wakati wa mvua kubwa, mwenye kikao Dodoma asiondoke Masoko siku ya kikao, hata siku moja kabla. Aondoke siku mbili kabla.

Kurudi kuna sheria yake. Ndege ndogo za pwani ya kusini hurushwa mchana, kwa hiyo anayetoka Dodoma asikate treni ya jioni akidhani ataunganisha. Treni ya alfajiri inaweza kumfikisha mapema kiasi cha kuiwahi ndege ya mchana, kama ipo siku hiyo na kama ana nafasi. Na kama treni yake inasimama Pugu, ashukie hapo, asiende mjini. Vinginevyo achukue chumba Mbagala, alale, na asubuhi apande basi la kwanza la Kilwa. Mizigo ya Dodoma, zabibu na karanga, haipimwi kilo ndani ya basi.