Michoro Itembeayo: Filamu za Katuni za Japani na Mahali pa Kuanzia

Tarehe 1 Januari 1963 watoto wa Japani waliokuwa na televisheni nyumbani walionyeshwa kwa mara ya kwanza hadithi ya mtoto wa chuma, mwenye nguvu za mashine na moyo wa binadamu. Hadithi hiyo iliitwa Tetsuwan Atomu, na katika nchi nyingine imejulikana kwa jina la Astro Boy. Mtungaji wake, Osamu Tezuka, alikuwa amesomea udaktari wa tiba kabla ya kujitoa kabisa katika kazi ya uchoraji. Alipaswa kutoa sehemu moja ya nusu saa kila juma, na hapo ndipo lilipozuka tatizo ambalo kwanza lilikuwa la hesabu, kisha likawa la sanaa.

Filamu hupita mbele ya taa kwa kasi ya picha 24 kila sekunde. Sehemu moja ya dakika 25 ina sekunde 1,500, yaani picha 36,000. Hata kama kila mchoro utapigwa picha mara mbili, bado itahitajiwa michoro 18,000 kwa juma moja tu. Ukipigwa picha mara tatu, idadi hushuka mpaka 12,000, nayo pia ni kubwa mno kwa kundi dogo la wachoraji wenye kulala usiku kama watu wengine. Tezuka na wenzake walifika mahali pa kutengeneza sehemu nzima kwa michoro 2,000 hivi. Yafaa kueleza namna jambo hilo lilivyowezekana, kwa kuwa mgeni asiyelijua huziona filamu za Kijapani kuwa zinakwama-kwama, akaziacha kabla hajafika penye utamu.

Kwa miaka mingi vitabu vilieleza kwamba mwendo tuuonao katika sinema unatokana na picha kubaki kitambo ndani ya jicho mpaka picha inayofuata ifike. Maelezo hayo hayatoshi. Mnamo mwaka 1912 mwanasaikolojia wa Kijerumani, Max Wertheimer, alitangaza matokeo ya majaribio yake juu ya mistari iliyotulia. Mstari mmoja ukionyeshwa, kisha ukafuatiwa upesi na mwingine kando yake, mtazamaji huona mstari mmoja uliosogea. Mwendo huo haumo katika picha. Unatengenezwa na ubongo. Mwanafunzi aweza kulihakikisha jambo hili kwa daftari lake la zamani. Achore mpira unaodunda katika pembe ya kurasa 24, akiusogeza kidogo katika kila ukurasa, kisha aziachilie kurasa hizo kwa kidole gumba kwa muda wa sekunde tatu. Hapo atakuwa anaona michoro 8 kila sekunde, na hicho ndicho kipimo kilichozoeleka katika filamu nyingi za katuni za Kijapani, ambazo kwa kifupi huitwa anime.

Tezuka aliutumia uwezo huo wa ubongo kwa ubahili mkubwa. Mtu aliposema, mdomo pekee ndio uliochorwa upya; uso na mwili vilibaki vile vile. Alipokimbia, alichorwa hatua chache zilizorudiwa-rudiwa huku mandhari ikivutwa nyuma yake. Michoro iliyofaa iliwekwa akiba ikatumika tena katika sehemu nyingine. Penye hofu au mshangao, picha moja iliachwa imetulia, na muziki ukafanya kazi iliyosalia. Mbinu hizo ziliibeba Tetsuwan Atomu hadi mwisho wa mwaka 1966, jumla ya sehemu 193. Lakini kulikuwa na gharama yake. Tezuka alikubali kuiuzia televisheni kazi yake kwa malipo yaliyokuwa chini ya gharama za kuitengeneza, na bei hiyo ikawa kipimo cha wengine waliofuata. Wachoraji wa Japani wanaulalamikia ujira mdogo hadi leo, na wengi wao huona kwamba mzizi wake umo humo. Mtazamaji asiusahau upande huo anapoyasifu matunda.

Matunda yenyewe ni mengi, na wingi huo ndio unaomchanganya mgeni. Akienda kwa kubahatisha aweza kuangukia mapigano yasiyokwisha ya sehemu mia kadhaa, au jambo lisilofaa kabisa kuonwa na vijana, naye akadhani kwamba Japani haina zaidi ya hayo.

Mlango ulio mzuri kupita yote ni Tonari no Totoro, yaani “Jirani Yetu Totoro”, filamu ya Hayao Miyazaki iliyotoka mwaka 1988. Ni hadithi ya wasichana wawili, Satsuki na Mei, waliohamia kijijini pamoja na baba yao ili kuwa karibu na hospitali alikolazwa mama. Hakuna adui ndani yake wala vita. Kuna nyumba kuukuu, mashamba ya mpunga, na mti mkubwa utoao kafuri, ile ambayo watu wa pwani yetu huijua kwa jina la karafuumaiti. Ndani ya mti huo anaishi Totoro, mnyama mkubwa kama kilima kidogo, ambaye watu wazima hawamwoni.

Mwalimu atakayetaka kuonyesha jinsi uchache wa michoro ulivyogeuka kuwa ufundi, na asimamishe darasa katika sehemu ya kituo cha basi. Ni usiku, mvua inanyesha. Satsuki anamngoja baba huku amembeba mdogo wake mgongoni. Kwa muda mrefu karibu hakuna kitu kinachosogea isipokuwa matone. Mara Totoro anasimama kando yake, jani kichwani, naye Satsuki anampa mwavuli. Tone linapiga juu ya mwavuli. Totoro anashtuka, kisha anapendezwa. Hayo ndiyo yote yanayotukia, na watoto waliozoea katuni za purukushani hunyamaza kimya wakiyatazama. Wachoraji hapa hawakukosa uwezo wa kuchora mwendo. Mnyama yule anaporuka, akayaangusha matone yote ya mtini kwa kishindo, ndipo inapodhihirika kwamba nguvu zilikuwa zimewekwa akiba kwa ajili ya dakika hiyo.

Baada ya hapo mgeni aweza kuendelea na Sen to Chihiro no Kamikakushi ya mwaka 2001, inayouzwa nchi za nje kwa jina la Spirited Away. Filamu hii ilipata tuzo kuu ya tamasha la Berlin mwaka 2002 na tuzo ya Oscar mwaka 2003. Tuzo hazimlazimishi mtu kupenda kitu. Lakini sehemu ambamo mzimu wa mto unaogeshwa, na kutoka mwilini mwake ikavutwa baiskeli pamoja na takataka za kila namna, inatosha kuwa somo zima la hifadhi ya mazingira bila mwalimu kusema neno.

Kwa walimu wa sayansi, hata hivyo, filamu ya Miyazaki yenye faida kubwa zaidi ni ile iliyotangulia, Kaze no Tani no Naushika, yaani “Nausicaä wa Bonde la Upepo”, ya mwaka 1984. Dunia imeharibiwa na vita vilivyopita miaka elfu moja nyuma, na msitu wa sumu unaenea ukiimeza nchi. Watu wote wanataka kuuchoma moto. Binti mmoja, Nausicaä, anafanya jambo lisilofikiriwa na wakuu wa majeshi: anafanya jaribio. Anazikusanya mbegu za mimea ile ya sumu, anaziotesha ndani ya chumba cha chini ya ardhi, katika mchanga safi na kwa maji yanayovutwa kutoka kina cha mita 500, halafu anangoja. Mimea inachanua, wala haina sumu. Basi sumu haikuwa ya mimea. Ilikuwa ya udongo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba katika jaribio hubadilishwa sharti moja tu na mengine yakaachwa yalivyo, ataiona kanuni hiyo ikiokoa watu.

Miyazaki amepata kueleza kwamba wazo lake lilitokana kwa sehemu na habari za ghuba ya Minamata. Huko kiwanda cha kemikali kilimwaga zebaki baharini, ikaingia katika samaki na kutoka kwa samaki ikaingia katika watu. Ugonjwa wake ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliotiwa saini mwaka 2013, umepewa jina la mji huo, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Afrika Mashariki wanaochanganya zebaki kwa mikono mitupu ni miongoni mwa wale unaowahusu. Kuhusu mimea isafishayo udongo, hiyo si ndoto tupu: ipo mimea inayofyonza madini yenye sumu, na aina moja ya jimbi hukusanya aseniki nyingi katika majani yake. Ila kazi hiyo huenda polepole mno, na jani lenyewe hubaki na sumu.

Katika hadithi za televisheni, tatu zastahili kutajwa kwa ajili ya darasa. Ya kwanza ni Planetes, yenye sehemu 26, iliyoonyeshwa mwaka 2003 na 2004. Mashujaa wake hawapigani na mtu. Ni wazoa taka wa anga, waajiriwa wa idara inayodharauliwa na kampuni yao wenyewe, na hadithi inaanza na skrubu moja iliyogonga dirisha la chombo cha abiria. Msomaji atauliza skrubu yawezaje kuua. Na apige hesabu: kitu cha gramu 10 kikigonga kwa kasi ya kilomita 10 kwa sekunde kina nishati ya jouli 500,000, sawa na gari la tani moja linalokwenda zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Tangu mwaka 1978 Donald Kessler wa Marekani alikwisha kuonya kwamba vipande hivyo vyaweza kugongana na kuzaa vingine, mpaka njia za angani zisipitike. Planetes inalichukua onyo hilo kwa uzito, lakini zaidi inauliza ni nani atakayefagia, na kwa mshahara gani. Kwa vijana wa miaka 15 na kuendelea hakuna iliyo bora kuliko hii.

Dr. Stone, iliyoanza mwaka 2019, ina kelele zaidi. Wanadamu wote wamegeuka mawe kwa miaka 3,700, na kijana Senku, aliyezinduka porini, anakusudia kuurudisha ustaarabu hatua kwa hatua. Kugeuka mawe ni ngano tupu. Kinachofuata si ngano: anakusanya makombe ya pwani ili kupata chokaa na sabuni, na sabuni hiyo ndiyo anayoiita daktari wa mawe, kwa vile itawalinda na vijidudu mahali pasipo na tabibu. Mpwani aliyeona matumbawe yakichomwa kupata chokaa ya kujengea hatahitaji kufafanuliwa. Baadaye inatengenezwa dawa ya salfa kwa ajili ya msichana mgonjwa wa mapafu, na mlolongo wa kemikali zake unaonyeshwa kwa utaratibu unaosifika. Ila asidi na baruti zimo pia. Mwalimu awakataze wanafunzi kuyajaribu hayo nyumbani, na aseme kwa nini.

Ya tatu, Hataraku Saibo ya mwaka 2018, inajulikana pia kama Cells at Work! Mwili wa binadamu umechorwa kama mji. Chembechembe nyekundu za damu ni wachukuzi wenye mizigo ya oksijeni. Chembe sahani, kwa kuwa kwa kweli ni ndogo kuliko zote za damu, ni watoto wadogo wanaoziba majeraha kwa bidii ya kuchekesha. Chembechembe nyeupe hupigana kwa visu, na hapo ndipo penye kosa: katika mwili hazikati, bali huwazingira vijidudu na kuwameza. Mwalimu mwerevu atalitumia kosa lenyewe, awaambie wanafunzi watafute yalipo mengine. Damu inayorushwa ni nyingi, basi isionyeshwe kwa watoto wadogo.

Filamu hizi zitazamwe kwa sauti ya Kijapani na maneno yaliyoandikwa chini ya picha, kama wanafunzi wanasoma upesi vya kutosha. Kama sivyo, sauti iliyotafsiriwa haina ubaya.

Imebaki moja ambayo haina budi kutajwa, japo si ya kuanzia. Siku ile ile ya tarehe 16 Aprili 1988, katika onyesho lile lile na Totoro, ilitoka Hotaru no Haka, yaani “Kaburi la Vimulimuli”, ya Isao Takahata. Mvulana Seita na dada yake Setsuko, mwenye umri wa miaka minne, wanapoteza mama katika moto wa mabomu yaliyoangushwa juu ya Kobe mwaka 1945. Wanabaki peke yao, na njaa inamaliza kilichoachwa na moto. Imetoka katika hadithi ya mwandishi Akiyuki Nosaka, ambaye mwenyewe alifiwa na dada yake mdogo kwa njaa katika vita hivyo. Mtu akiona jalada lake lenye watoto wawili na vimulimuli, atadhani ni burudani ya Jumamosi. Walimu wamepata kuwawekea watoto wa shule ya msingi filamu kwa sababu tu imechorwa, na hii isiwe mojawapo. Ionyeshwe kwa vidato vya juu, mwalimu akiwa ameitazama kwanza peke yake, na kisiwepo kipindi kingine mara baada yake.