Mdundo Umevuka Mpaka, Mpigaji Bado Yuko Foleni

Kama wewe ni wa huku kwetu Sigalame, kuvuka mpaka hakukutoi jasho. Unaonyesha kitambulisho, unaingia upande wa pili, unazunguka soko la Sofia, unakula rolex moja ya mayai mawili, unarudi Kenya kabla mathe hajauliza uko wapi. Tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho tu. Tumezoea hadi tunasahau kwamba ile ni nchi nyingine.

Sasa nikuulize. Mara ya mwisho ulivuka kwenda kusikiliza ngoma ilikuwa lini?

Usione aibu. Mimi mwenyewe nimevuka kununua viatu, mchele, simu iliyotumika, hata godoro. Ngoma sijawahi kuvuka kuifuata. Na hapo ndipo tumelala, kwa sababu kilomita kama 120 kutoka hapa, ukipita msitu wa Busitema, ukapita Bugiri na Iganga hadi Jinja, kuna vijana wamefanya na ngoma kitu ambacho sisi huku tuliambiwa hakiwezekani.

Lakini kwanza nikuambie kuhusu binamu yangu.

Ngoma tatu kwa bei ya deposti

Binamu yangu ana miaka 22 na anapiga isukuti. Unaijua isukuti: ngoma tatu, baba, mama na mtoto, zinajibizana hadi mzee mwenye fimbo anasahau goti lake. Wenyewe hasa ni Waisukha na Waidakho wa Kakamega, lakini huku Busia hakuna matanga ya maana bila hiyo sauti. Zile ngoma aliachiwa na kuka, babu yetu, na kuka alipokuwa akifundisha hakuwa na mchezo. Ukikosea pigo, unaanza tena.

Mwezi uliopita jamaa akanipigia simu. Anataka nimtafutie mnunuzi mtandaoni.

"Mnunuzi wa nini?"

"Ngoma. Zote tatu. Nataka deposti ya pikipiki."

Nilinyamaza. Nilijua hesabu yake. Matanga yanamlipa mia mbili, mia tatu, na sahani ya wali. Siasa ikichemka anaitwa kumkaribisha mheshimiwa uwanjani, anapiga jua kali saa nne, halafu anaambiwa "tutaongea." Pikipiki inaleta pesa kila siku. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo siwezi kumhubiria mtu kuhusu ndoto na uvumilivu. Njaa ni njaa.

Ila nilimwambia anipe wiki moja. Usiku huo nikanunua bando, nikavaa visikio, nikaanza kumtafutia, si mnunuzi, bali jibu. Ndiyo nikakutana tena na Nihiloxica.

Hawa ni akina nani?

Nihiloxica ni kundi la Uganda. Msingi wake ni wapiga ngoma wa Nilotika Cultural Ensemble ya Kampala, na ukiangalia jina lenyewe vizuri utaiona Nilotika imejificha ndani. Wapigaji kama Alimansi Wanzu Aineomugisha, Henry Isabirye, Henry Kasoma na Jamiru Mwanje wako kwenye ngoma. Halafu kuna Waingereza wawili: Jacob Maskell-Key, anayejiita Spooky-J, anakaa kwenye dramu za kizungu, na Peter Jones, anayejiita pq, yuko kwenye sinthesaiza.

Walikutana Kampala kupitia watu wa Nyege Nyege. Ndiyo, wale wale wa tamasha la kando ya Nile pale Jinja, lililoanza 2015 na ambalo kila mara wakubwa wa Kampala hutishia kulifunga. Nyege Nyege wana lebo pia, na lebo hiyo ndiyo ilitoa rekodi yao fupi ya kwanza mwaka 2017. Ya pili, "Biiri," ikaja 2019. Mwaka 2020 wakatoa albamu nzima, "Kaloli," kupitia Crammed Discs, lebo ya Ubelgiji.

Kaloli ni nani? Ukishafika Kampala lazima umemwona. Ni yule ndege mkubwa mwenye kipara na mfuko shingoni, anayesimama juu ya jalala kama askari wa kaunti anayengoja kitu kidogo. Hiyo ndiyo sura waliyochagua kwa muziki wao. Hawakuchagua simba wala machweo ya watalii. Walichagua ndege wa takataka ambaye kila mtu anamdharau na ambaye haendi popote. Hapo nikawapenda zaidi.

Sikiliza kilichoko ndani

Usiogope majina, nitayapitia polepole. Kundi la ngoma la Kiganda lina kazi zilizogawanywa. Kuna ngoma kubwa inayobeba mwendo. Kuna empuunyi, ya sauti nzito, inayokaa chini na kushikilia kila kitu. Kuna nankasa, ndogo na kali, inapigwa kwa vijiti. Kuna engalabi, ile ndefu iliyovikwa ngozi ya kenge, inapigwa kwa mikono na sauti yake inakata hewa kama kofi. Juu yake kuna ensaasi, kayamba za kibuyu.

Mtindo unaojulikana zaidi ni baakisimba. Inasimuliwa kwamba ulianzia kwenye jumba la kabaka, siku pombe ya ndizi ilipokolea na watu wakaanza kuwasifu waliopanda migomba ile. Mteso wa Malaba atacheka hapa, kwa sababu naye anajua vizuri uhusiano wa chungu cha ajon, mirija mirefu na wimbo unaoanza wenyewe.

Sasa tekno ya kawaida, ile ya klabu, inahesabu nne: dum, dum, dum, dum, usiku kucha. Baakisimba inabembea kwa tatu. Nihiloxica wanaziweka mbili hizi chumba kimoja na kuziacha zigombane. Kiuno chako kinafuata tatu, mguu wako unafuata nne, na wewe katikati hujui umfuate nani. Halafu sinthesaiza inaingia kama lori la mafuta linalopanda kilima na gia mbovu. Si muziki wa kuchezea watalii hotelini. Kuna mahali unatisha kabisa.

Na hili ndilo nataka ulisikie: ngoma hazijawekwa pale kama pambo. Ondoa sinthesaiza, bado una wimbo. Ondoa ngoma, hubaki na kitu. Mpigaji ndiye mwenye nyumba, mashine ni mgeni. Mara ngapi umesikia prodyusa wa huku akichukua sekunde tano za isukuti, akazibandika mwanzoni mwa wimbo ili uonekane wa nyumbani, halafu mpigaji hata soda hakununuliwa?

Pale geti lilipofungwa

Ukifikiri hadithi inaishia kwa makofi, ngoja kwanza.

Mwaka 2023 walitoa albamu ya pili, "Source of Denial." Jina hilo ni mchezo wa maneno. Kila mtalii anayefika Jinja hupigwa picha pale panapoitwa kwa Kiingereza "Source of the Nile," chanzo cha Mto Nile. Wao wakaligeuza likawa chanzo cha kukataliwa. Shabaha yao ni mfumo wa viza, hasa wa Uingereza. Kabla ya albamu hiyo walikuwa wamelazimika kufuta ziara ya Uingereza kwa sababu ya viza.

Fikiria vizuri. Kundi moja, meza moja, wimbo mmoja. Mwingereza anayetaka kuja kupiga Uganda anajaza fomu mtandaoni, analipa, anapanda ndege. Mganda anayetaka kwenda kupiga wimbo huo huo Uingereza anatakiwa athibitishe kwamba ana pesa, ana kazi, ana sababu ya kurudi, na kwamba yeye ni yule anayesema ni yeye. Wimbo wenyewe unafika London kwa sekunde moja kupitia simu. Aliyeupiga anabaki foleni na bahasha ya makaratasi.

Mtu wa mpakani anaelewa jambo hili kuliko mtu wa Nairobi. Wewe na mimi tumekua tukiona malori yamepangana kilomita kadhaa kabla ya Malaba, dereva analala chini ya trela siku mbili akingoja mhuri. Tunajua karatasi inaweza kuwa nzito kuliko kontena. Tofauti ni kwamba dereva hatimaye huvuka.

Na wenzao hawakuacha kupiga kwa sababu geti limefungwa. Jibu lao kwa kukataliwa lilikuwa albamu, tena ni ile yenye kelele zaidi.

Si wao peke yao

Ukimalizana na Nihiloxica, tafuta Arsenal Mikebe, pia wa Kampala. Mikebe kwa Luganda ni ile ile mikebe yako ya nyumbani. Wapigaji watatu wanazunguka chombo kimoja cha chuma kilichoundwa na mchongaji Henry Segamwenge. Wazo lilitokana na Roland TR-808, mashine ya midundo iliyotoka Japani mwaka 1980 na kubeba nusu ya hip hop unayoijua. Yaani, badala ya mashine kuiga wapiga ngoma, wapiga ngoma wameiga mashine, kwa mikono na vyuma. Albamu yao ya 2024 inaitwa "Drum Machine."

Halafu rudi kijijini. Nakibembe iko Busoga, kwenye upande ule ule unaoupita ukienda Jinja. Wana embaire, marimba kubwa ya mbao inayolazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini ili sauti ipande. Watu kadhaa huipiga kwa pamoja, wameketi pande zote mbili kama familia mezani. Albamu yao ilitoka 2023. Embaire yenyewe haina umeme, na bado ukiiweka kwenye spika kubwa utadhani ni klabu.

Na sisi? Mwaka 2014, Unesco iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Soma tena: kuokolewa haraka. Dunia iliandika hilo kwenye karatasi zaidi ya miaka kumi iliyopita. Watoto wetu wanafundishwa ngoma ili shule ishinde kombe la tamasha la muziki, wanapelekwa kaunti nyingine kwa basi, wanarudi na cheti, halafu ngoma inafungiwa stoo pamoja na madawati yaliyovunjika.

Sikuambii uandike ombi kwa serikali. Nakuambia mambo madogo. Una studio pale mtaani? Mwite mpigaji, mrekodi dakika tano nzima, andika jina lake kwenye wimbo, mgawie kinachopatikana. Wewe ni DJ? Jaribu isukuti na bezi nzito Ijumaa moja tu uone. Una matanga kwenu? Mlipe mpigaji kabla hujamlipa mwenye hema.

Wiki imeisha

Nilimpelekea binamu yangu visikio. Tukakaa nje ya duka la M-Pesa ninapofanya kazi, nikamwekea wimbo wa "Kaloli." Hakusema kitu. Baada ya dakika mbili vidole vyake vilikuwa vinagonga benchi, na havikuwa vinafuata ngoma za Waganda. Vilikuwa vinazijibu.

Akavua sikio moja. "Hawa wanalipwa?"

Nikamwambia ukweli. Wamerekodi na lebo ya Ulaya, wamepiga kwenye matamasha ya huko, na pia wamefungiwa mlango wakiwa na tiketi ya kualikwa mkononi.

Akafikiri. "Kwa hivyo hata ukiwa mkali namna hii, bado mtu anaweza kukukataa tu."

"Anaweza."

Unajua neno boda boda lilizaliwa hapa hapa Busia, miaka ya sitini, vijana wakibeba watu kwa baiskeli kutoka ofisi za upande mmoja hadi za upande wa pili. Neno letu likazunguka Afrika Mashariki yote bila pasipoti. Nilitaka kumwambia hilo, kwamba kitu cha Sigalame kinaweza kufika mbali. Nikanyamaza, kwa sababu yeye alikuwa anafikiria deposti.

Mwishowe akaamua hivi: pikipiki atachukua kwa mkopo wa chama, atalipa polepole. Ngoma mbili kubwa zinabaki nyumbani. Ya tatu, ile mtoto, ameifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira wa kufungia mizigo, na akikosa abiria pale stendi anaipiga.

Ukimwona, usipite tu. Yeye hana geti, wala hakuulizi viza.