Miungu Mfukoni: Rekodi Sita za Fedha ya Roma

Hekalu la mungu Jupiter lilikaa kilimani, waumini walilifuata. Sarafu ya fedha, dinari, iliwafuata wenyewe hadi sokoni. Dinari ilikuwa na upana wa milimita 19 hivi, ndogo kuliko shilingi moja ya Kenya, lakini humo waliingia miungu, makuhani, hata tembo. Mashindano yaanze.

1. Iliyodumu: miaka 450
Dinari za kwanza zilitoka yapata 211 KK, Roma ikipigana na jemadari Hannibal. Upande mmoja mungu wa kike Roma kavaa kofia ya vita. Upande wa pili pacha Castor na Pollux wanatimua mbio juu ya farasi. Iliendelea kutolewa hadi yapata 240 BK. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, bado haijafikisha umri huo!

2. Mafuriko: milioni 22
Mwaka 49 KK Julius Caesar alikuwa na jeshi la kulipa. Akatoa dinari yenye tembo mbele, na nyuma vifaa vya kafara: shoka, kata na kofia ya kuhani. Tangu 63 KK yeye ndiye aliyekuwa Kuhani Mkuu, na hakutaka mtu asahau. Kwa makadirio ya sarafu milioni 22, kila mkazi wa Nairobi wa sensa ya 2019 angepata tano.

3. Mungu wa ajabu: jiwe
Wengine wana ndevu na ngurumo. Mungu wa Kaisari Elagabalus, aliyetoka Emesa nchini Syria, ni jiwe, nalo kwenye sarafu limepanda gari la farasi wanne. Kaisari huyo alitawala 218 hadi 222, hata muhula mmoja wa urais wa miaka mitano hakumaliza.

4. Kikosi: miungu 11
Yapata 250 BK zilitolewa sarafu za makaisari 11 waliokwisha kufa na kutangazwa miungu, kuanzia Augustus hadi Severus Alexander. Nyuma yao kuna madhabahu au tai. Timu kamili ya mpira, bila wachezaji wa akiba!

5. Hazina: zaidi ya 100,000
Mwaka 1929, huko Reka Devnia, Bulgaria, lilifukuliwa lundo la sarafu za fedha, nyingi zikiwa dinari. Jaza Uwanja wa Benjamin Mkapa, watu 60,000, umpe kila mmoja sarafu yake: utabaki na 40,000 na ushee.

6. Anguko: kutoka nusu hadi chini ya asilimia 5
Mwaka 215 Caracalla alileta sarafu mpya, nusu yake fedha. Kufikia 270, fedha haikufika hata asilimia 5. Miaka 55 tu, michache kuliko umri wa shilingi za Kenya na Tanzania, zilizoanza 1966. Miungu hawakubanduka kwenye sarafu. Iliyotoroka ni fedha.