RAPU IKIKOSOLEWA, MBONA TUNAGAWANYIKA?

Kama wewe ni mtu wa kupanda matatu kutoka Likoni hadi Ukunda, au tuk-tuk za pale Diani, jambo hili walijua. Rapa maarufu hutoa wimbo leo, kesho dereva anaucheza, keshokutwa mtu mmoja mwenye jina anasema hadharani kwamba wimbo ule ni uchafu mtupu. Hapo ndipo vita huanza. Wengine hujibu, "Wivu tu huo!" Wengine husema, "Kweli kabisa, amezidi." Na wapo ambao wimbo wenyewe hawajausikia hata mara moja, nao ndio hupiga kelele kushinda wote. Chama chetu cha Kiswahili kilifanya mjadala juu ya mambo haya muhula uliopita, lakini kengele ikalia kabla hatujaelewana. Basi nimeshika kalamu nieleze ninavyoona mimi.

Watu hudhani wanagombania wimbo. La hasha! Mara nyingi wanagombania aliyeukosoa: ni nani, na wimbo ulimgusa wapi. Nitatoa visa viwili.

Cha kwanza kilitokea kwa jirani zetu wa Tanzania. Ukitoka Msambweni ukapita Lunga Lunga, ng'ambo ya mpaka ni Horohoro, na nyimbo za kule haziulizwi pasipoti. Mwezi wa Machi 2017, rapa Nay wa Mitego alitoa wimbo uitwao "Wapo", ambao ndani yake aliwasuta wakubwa. Haukupita muda, polisi wakamkamata huko Morogoro, na Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, likaupiga marufuku. Watu wakamtetea kwa nguvu. Hata waliokuwa hawampendi wakautafuta wimbo wausikize. Siku ya pili yake mambo yakageuka: Waziri wa Habari, Harrison Mwakyembe, alitangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo na ameagiza kijana aachiliwe, na wimbo upigwe. Rais akashauri hata aongeze watu wengine wa kusutwa, kama wakwepa kodi! Wallahi, sijasikia mkosoaji mwingine aliyekatwa maneno namna ile.

Kisa cha pili ni cha hapa Kenya. Vijana wa kikundi cha Ethic kutoka Nairobi walivuma sana mwaka 2018 kwa "Lamba Lolo", na ndio walioifanya gengetone ikapendwa nchi nzima. Novemba 2019 wakatoa "Tarimbo". Safari hii waliowajia juu ni wasikilizaji wenyewe, wanawake kwa wanaume, wakisema kwamba maneno yake yanafanya kumlazimisha msichana kuwa mchezo. Bodi ya Uainishaji wa Filamu (KFCB) nayo ikaingia, video ikaondolewa YouTube, na kikundi kikaomba radhi. Walikuwepo waliowatetea, lakini si kama Tanzania. Utetezi ulikuwa mwembamba.

Sasa mbona tofauti hiyo? Vyote viwili ni vijana, vyote ni rapu, vyote vimeambiwa havifai. Mimi naona hivi. Nay alinyoosha kidole juu, na mkubwa aliyeguswa ndiye aliyekasirika, kwa hivyo watu wakaona anayenyamazishwa ni wao. "Tarimbo" ilinyoosha kidole chini, na aliyelalamika ni yule yule aliyeumizwa. Huwezi kumwambia mtu huyo ati ana wivu.

Wavulana wa darasani kwetu husema, "Ah, ni usanii tu, wacheni ushamba." Mimi ni msichana wa shule ya kutwa. Steji ya bodaboda naipita mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Rapa hanijui wala hajanikosea, lakini maneno yake yakishatoka kwake hupata midomo mingine. Pale steji hayaimbwi, hurushwa. Msichana akipita hurushiwa ule mstari mchafu kuliko yote, kisha kicheko. Mwenzangu mmoja siku hizi hupitia shambani kwa watu, njia ndefu yenye matope, ili asiwasikie. Basi usimwambie huyo kwamba ni usanii tu.

Lakini pia sisemi kila kitu kipigwe marufuku. Mwaka huo huo wa 2019, KFCB ilisema "Wamlambez" ya Sailors na "Tetema" ya Rayvanny na Diamond zichezwe kwenye baa na vilabu tu. Nani alitii? Watoto wa chekechea waliziimba, na hata leo ukianza, mtu atakumalizia. Marufuku ya namna hiyo ni kama kuweka ubao "usichungulie hapa".

Pwani tulikuwa na njia yetu. Muyaka wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, alirushiana mashairi makali na washairi wa Lamu. Ukiona mtu amekutukana kwa ubeti, humwendei liwali akamfunge, unatunga ubeti wako umzidi. Na nyanya zetu wanakumbuka mipasho ya taarabu ya miaka ya 1990, Khadija Kopa upande huu na Nasma Khamis upande ule, na kina mama wakigawanyika nyuma yao kama timu za mpira. Mpasho ukikugusa ulikuwa unainuka na noti yako mkononi, unakwenda kutunza mbele za watu, na kila mtu anaelewa umeipeleka wapi ile salamu. Yaani msikilizaji alikuwa na zamu yake ya kusema.

Ndani ya matatu huna zamu. Spika iko chini ya kiti chako, makanga anaimba pamoja nayo, na ukisema "dere, punguza kidogo" unaambiwa ununue gari lako. Mama mmoja tuliyepanda naye hapo Ukunda, muuza mahamri, alijaribu ujanja mwingine. Alimuuliza makanga, kwa upole kabisa, "Mwanangu, hebu nisomee polepole hayo maneno, masikio yangu mazito." Kijana alianza. Hakufika mstari wa pili. Spika ilizimwa mpaka Msambweni.

Baada ya ule mjadala wetu, mwanachama mmoja wa kidato cha pili ametunga rapu ya kuwajibu marapa, beti sita, ameibandika kwenye ubao wa matangazo karibu na ofisi ya walimu. Vina vyake si vibaya. Mizani imemshinda ubeti wa nne, na tayari kuna mtu ameikosoa hapo kwa penseli, bila kuandika jina lake.