Kitenzi 'put' na Msemaji wa Kiswahili

Kitenzi cha Kiingereza 'put' hufundishwa mapema kuwa maana yake ni kuweka au kutia, na fundisho hilo ni sahihi. Utata huanza pale kinapofuatwa na kielezi kifupi. 'Put out the fire' si kuutoa moto nje bali ni kuuzima. 'Put off the journey' ni kuiahirisha safari. 'Put up with' ni kuvumilia.

Hali hii si ngeni kwa msemaji wa Kiswahili kama inavyodhaniwa. Husema tia nanga, tia saini, tia fora; naye atiaye chumvi katika habari hakushika kijiko. Tofauti ni kwamba Kiswahili huegemeza maana mpya kwenye nomino inayofuata kitenzi, au kwenye mnyambuliko: wekeza ya mabenki iko mbali na weka ya kikombe mezani. Kiingereza huiegemeza kwenye kielezi. Kwa sababu hiyo, kukariri orodha ndefu chini ya 'put' ni kazi isiyo na faida kubwa. Afadhali mwanafunzi akusanye vitenzi vinavyoshiriki kielezi kimoja: taa 'goes out', mshumaa 'is blown out', moto 'is put out'. Hapo 'out' yenyewe hujidhihirisha kuwa ndiyo yenye maana ya kuzimika.

Mtego mkubwa zaidi, hata hivyo, umo katika vielezi vya wakati, maana hapa mwanafunzi hudhani ameelewa. Mkutano uliosogezwa mbele, kwa Kiswahili, umecheleweshwa. Uliorudishwa nyuma utafanyika mapema zaidi. Kwa Kiingereza cha Uingereza mambo ni kinyume: 'put forward' ni kuwahisha, 'put back' ni kuchelewesha. Mtahiniwa ambaye usaili wake wa Jumatano umekuwa 'put forward two days' atafika Ijumaa akiwa na vyeti vyake vyote, ilhali wenzake walisailiwa Jumatatu. Hakukosea sarufi wala msamiati. Alitafsiri kila neno kwa usahihi.

Wenye lugha wenyewe hawakusalimika kabisa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, Lera Boroditsky na Michael Ramscar waliwauliza wasemaji wa Kiingereza kuhusu mkutano wa Jumatano uliokuwa 'moved forward two days'. Baadhi walijibu Jumatatu, wengine Ijumaa, kutegemea kama mtu alijiona anasafiri kuelekea wakati ujao au wakati ndio unaomjia. Kiswahili, katika usemi wa kusogeza mbele, kimekwisha kuchagua: mtu ndiye asafiriye, na mbele ni siku zijazo.

Kamusi ya lugha mbili itakayoandika 'put back' kuwa rudisha nyuma, bila sentensi yenye siku mbili ndani yake, itamwacha mtahiniwa yule palepale alipokuwa.