Kwa nini mlevi hakumbuki ya jana

Msimu wa korosho ukifika, mabibo huanguka mengi kuliko yanavyoliwa. Huku kwetu Madimba mengine hugeuzwa uraka, mengine huishia kwenye mapipa ya gongo, na minazini tembo halikauki. Ndipo linaporudi swali ambalo kina mama hupenda kutuuliza: mwanamume karudi usiku, kaongea vizuri, kala, kahesabu pesa, halafu asubuhi anasema hakumbuki lolote. Anadanganya?

Huenda hadanganyi, msikilizaji.

Watu husema "nilizima", lakini hapo kuna mambo mawili. La kwanza ni kulala fofofo kwa ulevi. La pili ni mtu kuwa macho, anatembea, anabishana, hata anaendesha bodaboda, huku ubongo wake hauweki kumbukumbu. Nitaeleza kwa mfano wa kazi yangu. Mtangazaji yuko hewani, mnamsikia, ila mashine ya kurekodi haijawashwa. Kesho ukikitafuta kile kipindi hukipati. Hakikufutwa; hakikurekodiwa kabisa.

Kwenye ubongo, sehemu inayofanya kazi hiyo ya kurekodi huitwa hipokampasi. Pombe ikipanda haraka kwenye damu, sehemu hiyo inaweza kusimama hata kama miguu bado inambeba mtu. Ndiyo maana gongo, ambalo halina lebo ya kukuambia ukali wake, likinywewa harakaharaka na tumbo tupu huleta hali hii upesi. Kumbana mtu akumbuke ni kazi bure. (Kutokumbuka hakumfutii deni wala kosa, tusije tukaelewana vibaya.)

Usiku mmoja wa namna hiyo ni onyo. Kubwa zaidi ni lile linalojengeka kwa miaka, nalo linahusu chakula.

Ubongo hauwezi kutumia vizuri nguvu ya chakula bila vitamini B1, na akiba yake mwilini hudumu wiki chache tu. Mnywaji wa kila siku hula kidogo, na hata akila, pombe huzuia utumbo kuichukua vitamini hiyo. Ugali wa muhogo na wali mweupe vina B1 kidogo; kunde, mbaazi na karanga zina zaidi. Akiba ikiisha, ubongo huanza kuharibika.

Mwaka 1881 daktari Mjerumani, Carl Wernicke, alieleza dalili zake: akili kuchanganyikiwa, macho kutotulia au kuona vitu viwiliviwili, na kuyumba. Si lazima zote zionekane pamoja. Hatari ni kwamba zinafanana na ulevi wenyewe, kwa hiyo familia humwacha alale "ulevi uishe". Mtu akiyumba na kuchanganyikiwa ilhali hajagusa pombe tangu jana, huo si ulevi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Tiba ni B1, mara nyingi kwa sindano au dripu, na ni muhimu aipate mapema, kabla au pamoja na dripu ya sukari.

Akicheleweshwa hufuata hali aliyoieleza Mrusi Sergei Korsakoff mwaka 1887. Mzee anaweza kukusimulia Vita vya Kagera vizuri, lakini hajui nani alimletea uji asubuhi. Pengo hilo hulijaza kwa hadithi: atakuambia jana alikuwa mnadani Mtwara, kumbe hakutoka nyumbani. Hakusudii kudanganya. Vijijini wengi husema karogwa, na siku za kumtibu zinaishia kwa mganga. Wapo wanaopata nafuu, lakini wengine hubaki na pengo hilo maisha yote.

Serikali ilipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017, na nadhani ilifanya vizuri, ila gongo halikuwahi kuhitaji pakiti. Nalo limekatazwa na sheria, lakini kijana wa miaka 16 anajua linapouzwa, na ubongo wake utaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25.

Sasa, kuacha. Ambaye mikono hutetemeka asubuhi hadi azimue, msimfungie ndani ili aache kwa nguvu. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kuleta degedege ndani ya siku mbili, na maruweruwe siku ya pili hadi ya nne, na watu hufa kwa hali hiyo. Huyo aachishwe chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya. Anzieni zahanati, nao watampa rufaa kwenda Ligula ikibidi.

Mkifika, mwambieni mhudumu bila kuficha: anakunywa nini na kiasi gani, kwa miaka mingapi, mara ya mwisho alikunywa lini, na mara ya mwisho alikula lini. Hilo la chakula wengi hulisahau.