Pembe ya Topido

Siku hizi iko michezo ya kompyuta ambamo mchezaji hushika amri ya nyambizi, yaani manowari ipitayo chini ya maji. Mmojawapo ni Silent Hunter III, uliotolewa mwaka 2005. Mchezaji huwa nahodha wa Kijerumani wa wakati wa Vita Kuu ya Pili, naye hutafuta misafara ya meli katika bahari ya Atlantiki. Wengi hudhani kwamba kazi ngumu ni kulenga. Sivyo, kazi ngumu ni kuchagua pembe. Leo twataka kueleza sababu yake.

Kwanza yafaa tujue kwamba topido haipelekwi mahali ilipo meli, bali mahali itakapokuwapo. Mwindaji ampigaye mshale paa anayekimbia hufanya vivyo hivyo. Tuseme msafara unakwenda mwendo wa maili 8 za baharini kwa saa, na topido maili 30. Nyambizi imekaa kando ya njia ya msafara, na omo yake imeikabili njia ile kwa digrii 90. Umbali ukiwa meta 1,000, topido itasafiri zaidi kidogo ya dakika moja, na kwa muda huo meli itakwenda meta 267 hivi. Umbali ukiwa meta 1,500, meli itakwenda meta 400. Lakini angalieni: katika hali zote mbili, nahodha atazamaye katika darubini hupiga wakati meli ingali digrii 15 hivi kabla ya kufika mbele ya omo yake. Basi kwa pembe hii hapana haja ya kupima umbali sawasawa; yatosha kuujua mwendo wa meli. Tena topido hukuta urefu wote wa meli, wala si upana wake tu, hata kosa dogo la hesabu halidhuru. Ikija kwa kuparuza, yaweza kuteleza isilipuke.

Lakini msafara una walinzi. Manowari nyingine hutangulia mbele, nyingine hukaa ubavuni, nazo hupeleka mlio majini na kusikiliza mwangwi wake. Mlio ukipiga ubavu wa nyambizi, mwangwi hurudi mkubwa. Ukipiga omo au tezi, hurudi mdogo. Hapo ndipo penye shida. Nyambizi inayoikabili njia ya msafara kwa digrii 90 humwonyesha mlinzi wa mbele ubavu wake mzima. Pembe iliyo njema kwa topido ni mbaya kwa maisha ya mabaharia wake.

Wachezaji wenye busara hufanya hivi. Kwanza huupita msafara kwa mbali, wakiwa juu ya maji, maana nyambizi za namna ile zilikwenda maili 17 kwa saa juu ya maji, lakini chini yake hazikufika 8, na nguvu ya betri iliisha upesi. Wakiisha kutangulia, huzama na kungoja. Humwelekezea mlinzi omo mpaka apite, ndipo hugeuka polepole kuzikabili meli. Wakikosa nafasi, huona heri kupiga kwa digrii 70 kuliko kutafuta 90 na kugunduliwa.

Wakati wa vita hesabu hizi hazikuwa mchezo. Mwezi wa Februari 1944 meli tano za askari zilitoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo, zikilindwa na manowari Hawkins, Paladin na Petard. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli Khedive Ismail kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Watu wapatao 1,300 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Nyambizi ile nayo haikuokoka. Paladin na Petard ziliiwinda, zikaizamisha siku ile ile.

Basi kijana achezaye mchezo huu na ajifunze hesabu yake, kwa kuwa ni hesabu ya kweli. Lakini akumbuke kwamba yeye akikosea huanza tena, na wale waliokuwamo katika meli zile, na katika nyambizi pia, hawakupata kuanza tena.